Kilicho Chini ya Maharage

Duka la miwani, chumba cha nyuma
4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na dada, binti yako, bado anakukataza ngazi? Mwambie nakuandikia barua ndefu makusudi, ili ukae kitini uisome.

Sasa sikiliza. Mfuko wa ardhi wa chama chetu cha mapango hatimaye umejaa. Unatosha jambo moja. Moja tu, na ndiyo maana siku hizi wanachama tunasalimiana kwa nyusi.

Mwalimu mstaafu anauza shamba lake, lile ambalo kwa ramani yako liko juu ya Sebule ya pango letu. Nusu yetu tunataka kulinunua, mtu asije akajenga au kuchimba shimo akalitoboa paa la chumba kizuri kuliko vyote. Nusu nyingine, wakiongozwa na mwenyekiti wetu kinyozi, wanataka lango la chuma mdomoni mwa pango, ukuta kuzunguka, na bango kubwa lenye jina la chama. Bango ameshalichora. Popo aliyemchora ana masharubu.

Tulipohesabu mikono, sita kwa sita. Umebaki wewe. Kanuni unaijua, uliitunga mwenyewe: mwanachama aliye mbali anapiga kura kwa barua ya mkono wake, ndani ya bahasha iliyofungwa, isomwe kwa sauti mbele ya wote, na ikishasomwa imepita, hakuna mjadala. Mkutano ni tarehe 15 Machi.

Kabla ya hapo tutafanya jaribio. Kinyozi atakuwa juu shambani akigonga ardhi kwa mchi, mimi nitakuwa chini Sebuleni nikisikiliza. Yeye ndiye aliyelidai. Anasema hawezi kununua paa bila kujua ni la nyumba gani. Nikamwambia ramani ya mjomba haijawahi kumpoteza mtu. Akasema basi haitaona haya kupimwa.

Juzi mwanachama mpya aliniuliza kwa nini vyumba vya pango vinaitwa Veranda, Jikoni na Sebule. Nikamwambia aliyevipa majina ni fundi bomba, kila akiingia mahali cha kwanza anauliza jiko liko wapi. Akacheka mpaka akagonga kichwa. Tumekukosa huku, mjomba.

Mpwa wako,
Katibu, mwenye wateja watatu mlangoni wasioona vizuri kwamba nimefunga

---

Nyumbani kwa binti yangu, ghorofa ya tatu
12 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linasema maneno ambayo siwezi kumwandikia mtu niliyemlea mwenyewe. Na ahsante kwa kuandika. Simu usinipigie, sauti yako inanifikia kama ya mtu aliyejifunika ndoo.

Bahasha yangu imo humu, imefungwa na gundi mara mbili. Ndani kuna maneno manne: Nunueni shamba la mwalimu. Usiifungue, katibu. Nataka kinyozi mwenyewe aisome, amesimama, kwa sauti ile anayotumia kusimulia mpira.

Lango! Popo wanatoka mle kwa maelfu. Wakikuta nondo zimebanana watahama wote, abaki yule mwenye masharubu. Na ukuta utalinda nini? Mdomo wa pango haujawahi kuumia. Paka ndiye anayeingia pale, na paka hasomi bango. Kinachoweza kuumia ni Sebule, kwa sababu paa lake ni jembamba. Nimefanya kazi ya maji miaka arobaini, mpwa wangu. Uchafu ukimwagwa juu unashuka. Haujui mipaka wala hati ya kiwanja. Yale mawe meupe yanayoning'inia mle, membamba kama mirija, hayajaguswa na mkono wa mtu tangu dunia iumbwe. Achia choo kimoja tu juu yake, na baada ya miaka michache yote yatakuwa na rangi ya chai. Nitakufa na kinyongo.

Jaribio lenu fanyeni tu, mtoe jasho. Ile ramani niliipima kwa kutambaa wiki sita, kwa kamba na dira, na mke wangu Mungu amrehemu akiandika namba. Hapa nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Binti alitaka kuweka picha ya maua pale. Nikamwambia: masikio yameharibika, goti limeharibika, nimebaki na kitu kimoja kilichonyooka, nacho ni hiki. Akaondoka na maua yake.

Mjomba wako
(bado mwanachama namba moja)

---

Duka la miwani
22 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Bahasha nimeipokea, nimeifungia kwenye kabati la lenzi. Hapa kazi ni nyingi, jua kali, watu wote wanataka miwani myeusi kwa wakati mmoja.

Jaribio linaendelea. Bado hatujalimaliza vizuri.

Nilikuwa nataka kukuuliza jambo dogo tu. Zile wiki sita mlipokuwa mnapima, ulikuwa unavaa nini? Nguo gani, yaani. Kama hukumbuki si neno.

Msalimie dada.

Mpwa wako

---

Kwa binti
28 Februari

Mpwa wangu,

Nilivaa nguo. Ulitaka nijibu nini?

Nimeisoma barua yako mara tano. Mistari kumi! Wewe ambaye ukieleza ulivyonunua kiberiti unajaza kurasa mbili. Na kugonga ardhi kwa mchi ni kazi ya asubuhi moja, kunaendelea vipi? Mnamtwanga nani huko?

Ngoja nikuambie ninachokiona kutoka ghorofa ya tatu. Kinyozi amekupata. Nadhani amekutengeneza nywele bure au amekuahidi duka lako litaandikwa kwenye bango lile. Sasa mnanizungusha, mnataka tarehe 15 ifike, bahasha ya mzee isemekane imepotelea kwenye miwani. Ukweli ni kwamba nimeumia. Wangenifanyia wengine wote ningecheka. Wewe nilikuingiza pangoni ukiwa na miaka tisa, ukanishika mkanda njia nzima.

Nijibu bila kupindapinda. Usiponijibu nitapanda basi nije, na binti akinizuia nitashukia dirishani kwa mashuka.

Mjomba

---

Duka la miwani
5 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kaa kitini kwanza.

Siku ya jaribio nilikuwa Sebuleni peke yangu, taa nimezima ili masikio yafunguke. Tulikubaliana kinyozi aanze saa nne kamili. Saa nne ikafika, kimya. Nne na nusu, kimya. Saa tano nikaanza kumtukana moyoni. Halafu nikasikia: du. Du. Du. Karibu kabisa, juu ya utosi wangu, mpaka vumbi likaniingia puani. Nilishangilia peke yangu gizani kama mwehu. Nikatoka kwa kutambaa mbiombio nikampongeze.

Nikamkuta kinyozi shambani kwa mwalimu amelala chali, mchi kando, mikono imekufa ganzi. Alianza saa nne kamili kama tulivyosema, akagonga saa nzima, akaacha. Zile nilizozisikia hazikuwa zake.

Tukatazamana. Tukavuka njia, tukafuata sauti. Unaikumbuka bustani ya mkunga mstaafu, yule mama wa maharage? Kwenye kona ya bustani tulimkuta mtu na sururu, kajichimbia mpaka kiunoni. Anachimba shimo la choo.

Mjomba, Sebule haiko chini ya shamba la mwalimu. Iko chini ya maharage ya mkunga. Nilipima upya mara tatu kwa dira mpya, nikilia mara zote tatu. Tofauti ni hatua mia na ishirini.

Kisha nikaitoa ile picha ya zamani, mmesimama mdomoni mwa pango kabla ya kuingia kupima, nikaiangalia kwa lenzi kubwa ya dukani. Dira umeishika kifuani. Na mfukoni mwa shati, vidole viwili kutoka kwenye dira, imechomoza spana yako. Ndiyo maana nilikuuliza ulivaa nini. Njia yote inaelekea upande mmoja, kwa hiyo ile spana iliivuta sindano vilevile kila mlipopima, na ramani nzima ikageukia pembeni. Ukiwa ndani huoni kosa, kushoto ni kushoto na kulia ni kulia. Hakuna aliyewahi kuuliza juu yake kuna nini.

Sasa mambo yalipo. Mkunga hauzi hata jani. Lakini choo chake cha zamani kimeinama na mvua zinakuja. Amekubali kusimamisha uchimbaji hadi tarehe 20, basi. "Baada ya hapo mnataka niende haja wapi," ameniuliza, "kwenye chama chenu?" Kati ya shimo lake na Sebule umebaki mwamba wa mikono mitatu.

Na mimi nina bahasha yako kabatini. Ikisomwa imepita, ndivyo kanuni inavyosema, na mfuko wote utanunua shamba ambalo chini yake kuna udongo mtupu.

Wala sijanunuliwa, mjomba. Juzi kinyozi alikuja dukani, akafunga mlango nyuma yake, akasema: "Mzee asijue. Hiyo ramani ndiyo iliyombakia. Siku ya mkutano nitasimama, nitafungua bahasha, nitasoma maneno mengine. Nitasema ametuachia tuamue. Dhambi ni yangu." Macho yalikuwa mekundu. Kinyozi huyohuyo!

Nilitaka kukubali. Siku tatu nilitaka. Lakini kisha ningekuandikia nini, mwaka huu na mwaka ujao? Barua yangu ya mistari kumi umeshaiona. Sina kipaji cha kukudanganya.

Anayeweza kuifuta kura yako ni wewe tu, kwa mkono wako. Ukiandika mara moja itafika kwa basi la tarehe 13. Nisamehe. Ningefurahi mara mia kama ningekosea mimi.

Wako niliyekushika mkanda,
Mpwa wako

---

Kwa binti
11 Machi

Mpwa wangu,

Nilipomaliza kusoma niliibandua ramani ukutani nikakaa nayo mapajani. Binti akaingia, akaniona, akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, wa spana.

Iliniuma, sitakuficha. Iliniuma mpaka chai ikapoa na ya pili ikapoa. Nilimwona marehemu amekaa kwenye jiwe na daftari lake, anaandika namba za uongo kwa mwandiko mzuri. Halafu nikafika tena pale kwa kinyozi, "dhambi ni yangu," na hapo, mpwa wangu, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Miaka thelathini na moja nawakemea watu waache funguo Verandani zisivuruge dira, na mimi mwenyewe nimejipachika kipande cha chuma kifuani kama nishani! Na nyinyi mmekaa huko mnakula njama ya kunilinda, mtu mzima mzima, kana kwamba mimi ni yai.

Samahani kwa barua iliyopita. Mwambie kinyozi amenifurahisha kuliko angenipa lango la dhahabu. Ila bango bado hapana.

Kura yangu ya kwanza naifuta. Ya pili ndiyo barua hii nzima, kinyozi aisome hivihivi.

Mnataka ardhi kwa mtu asiyetaka kuuza, halafu mnakuna vichwa. Kwani huyo mama anahitaji nini? Choo! Hivi katika chama kizima hakuna aliyekumbuka kwamba mwanachama namba moja ni fundi bomba? Fukieni shimo. Mjengeeni choo cha maji ndani ya nyumba yake, kwa pesa za mfuko. Uchafu uende kwa bomba mpaka kwenye tangi la zege lililozibwa, kona ya chini kabisa ya kiwanja, ambako hakuna pango. Kona hiyo mtaijua kwa ramani yako, si yangu. Mteremko wa bomba sentimita mbili kwa kila mita, na yeyote atakayesema anakadiria kwa jicho afukuzwe. Nimechora kurasa tatu, zimo humu. Kitakachobaki kilipie karatasi za ofisi ya ardhi, mama aandike kwamba pale juu ya Sebule ni maharage daima, pasichimbwe wala pasijengwe, na yeye abaki mwenye mali yake. Kama atakubali. Akikataa, mpeni choo hivyohivyo.

Na mimi nimekuficha kitu. Kila asubuhi binti akienda kazini napanda na kushuka ngazi zote, mara nne. Goti linapiga kelele lakini linapanda. Usimwambie.

Mjomba wako

---

Bustanini
21 Machi

Kwa Fundi,

Salamu. Hatujawahi kukaa pamoja, ingawa nimekuona miaka mingi ukipita na matope yako. Mimi ndiye yule wa maharage.

Mkutano walikuja kuufanyia uani kwangu ili na mimi nisikie. Kinyozi alisimama akasoma barua yako. Alianza kwa sauti kubwa, alipofika kwenye yai ikamkatika, akajifanya anakohoa. Mikono ikanyooshwa kumi na miwili, wa kwake wa kwanza, na wewe wa kumi na tatu. Mimi sina kura kwenu, lakini nilinyoosha pia. Choo ni changu.

Niliwaambia nitasaini kwa sharti moja: nikaone. Siwezi kukaa miaka hamsini juu ya nyumba ya watu bila kujua ina nini. Kinyozi naye akasema mwenyekiti hawezi kubaki nje bibi wa miaka sabini na moja akiingia. Basi tukaingia. Pale wanapopaita Mlango wa Jikoni akakwama. Mbele hapiti, nyuma harudi, anaanza kuaga watoto wake. Nikasogea nyuma yake nikamwambia yale niliyowaambia wanawake maisha yangu yote. Usisukume. Pumua. Legeza mabega. Tulia... haya, sasa! Akatoka upande wa pili na kelele. Nimezalisha wengi, Fundi, lakini wa kilo mia moja na mbili ni huyu peke yake. Mpwa wako alicheka mpaka taa ikamdondoka.

Hiyo Sebule yako siwezi kuieleza. Nilikaa chini. Meupe yote yale, na kimya. Nililia kidogo, nikasema ni vumbi. Tulipotoka nilisaini kabla sijanawa mikono.

Lakini kuna tatizo. Wamekuja mafundi wawili kuangalia mchoro wako, na wote wanasema mteremko umeukosea. Mmoja alikadiria kwa jicho. Mimi si mtaalamu. Njoo uwajibu mwenyewe.

Mkunga

---

Dukani kwa mpwa wangu, chumba cha nyuma
26 Aprili

Mwanangu,

Kwanza kabisa, nipo salama. Nakuandikia hilo juu ili ulisome kabla ya mengine.

Nilikuahidi siku kumi, leo ni ya ishirini na nne. Mafundi wale wawili nilibishana nao siku mbili, sasa ni wanafunzi wangu. Tangi limekamilika. Bomba limelazwa kwa mteremko wangu. Jumamosi mkunga alivuta maji kwa mara ya kwanza, chama chote kimejipanga uani kusikiliza, na yalipokwenda bila kigugumizi tulipiga makofi. Aliyekuwa anapita njiani alisimama akauliza nani anaoa.

Sasa la pili. Nilikuahidi nitafanya kazi ya juu tu. Ni kweli nilikuahidi, mkono nimeweka kifuani. Lakini jana walikuwa wanaingia, nikasema niwasindikize hadi Verandani. Kutoka Veranda hadi Jikoni si mbali. Kwenye ule mlango mwembamba goti likagoma kabisa, na mimi nikaanza kusema basi, rudini na mimi, umri umefika. Mkunga alikuwa nyuma yangu. Akanipigia kelele ambazo hata masikio yangu haya yalizisikia vizuri. Nikapumua nilivyoamriwa. Nikapita.

Mwanangu, nimeiona Sebule tena. Nilikuwa nimeshaizika. Mama yako alipofariki nilisema sitarudi mle, kisha goti likanipa kisingizio, na wewe kwa upendo wako ukanipa ghorofa ya tatu, nikakubali kwamba ndiyo imeisha. Jana nimekaa kwenye jiwe lake. Mpwa wangu alikaa kulia kwangu, kinyozi kushoto, ana mikwaruzo mwili mzima na anatabasamu kama bwana harusi.

Kuna maji yanadondoka pale katikati, taratibu, kutoka kwenye ncha ya mrija mmoja mweupe. Yanatoka juu, kwenye udongo wa yule mama, yanapita kwenye mwamba, yanafika. Nilikinga kiganja mpaka yakajaa kidogo. Wakanitazama. Miaka arobaini watu wananiita niwaambie maji yao yana nini, nikanusa, kisha nikayanywa.

Ni safi, mwanangu. Hayana kitu kabisa.

Nitakuja mwisho wa mwezi ujao, au huo unaofuata. Chumba changu kwako kiko wazi, weka yale maua. Na ukipata likizo panda basi uje, vaa nguo usizozipenda.

Baba yako